Mmea Uliohama: Kwa Nini Majani Hupukutika na Namna ya Kuusaidia

Fikasi yangu niliinunua kwenye kitalu cha kando ya Barabara ya Bagamoyo, siku tatu kabla ya Idi. Ilinifika kifuani, majani yake yamebanana na kung'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi. Nikaiweka pembeni mwa kochi, pale ambapo kila mgeni angeiona akivuka kizingiti. Siku ya kumi niliamka nikakuta sakafu imetandwa na majani, mengine ya njano, mengine mabichi kabisa, na kila nilipougusa mti yalimwagika mengine. Nikaongeza maji. Yakazidi. Jirani akaniambia, "Dada, huo una njaa, utie samadi," nikatia. Wiki ya tano nilibaki na vijiti vyenye majani yasiyozidi ishirini.

Nasimulia hayo kwa sababu watu wengi wananiletea habari hiyohiyo, tofauti ni aina ya mmea tu. Karibu kila mara jibu huwa moja. Mmea haukuwa unaumwa. Ulikuwa umehama, na yote uliyoutendea tangu siku ile yalikuwa tiba ya ugonjwa usiokuwepo.

Mtu akihamia Njombe hununua sweta. Mmea hauna pa kununua sweta. Jani ndilo vazi lake, na kila jani lilishonwa kwa vipimo vya mahali lilipochipulia: mwanga wa pale, hewa ya pale, maji ya pale. Likishakomaa, unene wake haubadiliki tena. Ukiuhamisha mmea, unavua majani yasiyofaa na kushona mapya. Kupukutika kunakotutisha ni nusu ya kwanza ya kazi hiyo. Mimea mingi hufia katikati, imeshavua na haijashona, na hapo ndipo mkono wetu unapookoa au unapoua.

Jicho na mwanga

Chanzo kikubwa ni mwanga, na katika mwanga jicho hutudanganya. Jua la saa sita mchana Dar es Salaam, anga likiwa wazi, hufika karibu luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga). Chini ya neti ya kivuli ya kitalu ni elfu kumi, ishirini, pengine thelathini. Ingia ndani: karibu kabisa na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja utapata kama elfu moja hadi elfu tano. Kona ya sebule, mita tatu kutoka dirishani, ni mia moja hadi mia tatu. Kwa hiyo mti uliotoka kitaluni ukaja kukaa kando ya kochi langu umepoteza mwanga kwa mara mia na zaidi. Mimi sikuona tofauti hiyo, kwa kuwa mboni ya jicho hupanuka na ubongo husawazisha, tukaona sebule "ina mwanga wa kutosha". Wa kutosha kusoma gazeti, ndiyo. Mmea unataka wa kula.

Mwanga ndio chakula chenyewe. Katika usanisinuru jani hutengeneza sukari mchana, na jani hilohilo hutumia sukari kuishi, usiku na mchana. Jani la juani ni nene, limepangwa seli tabaka juu ya tabaka, na matumizi yake ni makubwa, kama nyumba yenye watoto wengi. Kivulini mapato yake hushuka chini ya matumizi. Likifika hapo, linakula akiba ya mti badala ya kuiongeza. Mmea huanza kuondoa mali iliyomo ndani ya jani, hasa nitrojeni, kuirudisha shinani, ndiyo maana tunaona njano. Kisha jani hukatwa.

Ukataji huo una utaratibu wake, nao haufanywi na upepo. Jani lenye afya hupeleka homoni ya auksini kwenye kikonyo bila kukoma, na auksini hiyo ndiyo inayoshikilia kiungo. Ikipungua, tabaka la seli pale kikonyo kinapokutana na tawi huanza kulegea, na hewa ya ethilini huharakisha kazi. Ethilini ni ileile inayoivisha ndizi zikivundikwa. Mti uliosafiri saa sita ndani ya gari lililofungwa vioo, pamoja na tenga la maembe mabivu, huweza kupukutisha majani mabichi hata kama sebule haina kosa. Nimejifunza kutochanganya mizigo hiyo.

Jani la kivulini ni kitu kingine. Ni jembamba zaidi, mara nyingi pana zaidi, matumizi yake ni madogo, na huweza kujitegemea kwa mwanga ambao ungeliua lile nene. Mmea uleule mmoja huweza kutoa aina zote mbili, ila ni lazima jani lichipue mahali pale litakapofanyia kazi.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini huko Marekani katika miaka ya 1970, pale watu walipoanza kujaza maofisi kwa miti ya vyungu na miti ikafa mamia kwa mamia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, kituo cha Apopka, akina Charles Conover na Richard Poole, waliifuatilia fikasi hiihii, Ficus benjamina. Iliyokuzwa kwenye jua kali ilipukutika vibaya ilipoingizwa ndani; iliyokuzwa au kuzoeshwa kivulini kwanza, na kupunguziwa mbolea, ilishika majani yake. Tangu hapo vitalu vinavyouza mimea ya ndani huko huizoesha kwanza kabla ya kuiuza.

Kwetu kazi hiyo inamwangukia mnunuzi. Kwa hiyo ukifika kitaluni, kabla ya bei, uliza: "Kaka, huu umekaa juani au kivulini?" Uliza pia umekaa muda gani ndani ya kiriba. Mmea uliong'olewa ardhini wiki iliyopita na kutiwa kwenye kiriba umepoteza sehemu ya mizizi, na huo una misiba miwili kwa wakati mmoja.

Maji yanavyoua

Ukikubali kwamba mwanga umepungua mara mia, suala la maji linafunguka lenyewe. Mmea hunywa kwa sababu majani yanatoa mvuke, na hutoa mvuke pale matundu madogo ya jani, stomata, yanapofunguka kupokea hewa ya kutengenezea chakula. Mwanga ukiwa hafifu, stomata hufunguka kidogo. Majani yakipungua nusu, midomo imepungua nusu. Nami wakati huohuo nilikuwa namwaga kopo zima kila asubuhi, kama nilivyomwona muuzaji akifanya kule juani.

Mizizi hupumua. Inahitaji oksijeni iliyomo kwenye nafasi kati ya punje za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji siku baada ya siku, mizizi hukosa pumzi, inalainika, vimelea vya kuozesha vinaingia. Mzizi uliooza haunywi. Hapo majani hulegea kwa kiu huku chungu kimejaa maji, nasi tukiona jani limelegea tunakimbilia kopo. Sijaona kosa linaloua mimea ya ndani kuliko hili, na linafanywa na watu wenye huruma zaidi kuliko wazembe. ZZ, ule mmea wenye vikonyo vinene na majani yanayong'aa, ni wa kwetu kabisa, unaota mwituni Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar. Chini ya udongo una viazi vya kuhifadhi maji kwa ajili ya kiangazi. Mtu anayeusahau mwezi mzima anaukuta mzima. Anayeupenda kila siku anauozesha.

Kwa hiyo siku za kumwagilia zisipangwe kwa kalenda. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kukiwa na ubichi, acha. Bora zaidi, zoea uzito: nyanyua chungu siku ulipomwagilia, kinyanyue tena baada ya siku tano, mikono itajifunza haraka. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha mwaga yaliyotuama. Angalia hasa vile vyungu vya urembo visivyo na tundu, ambavyo tunadumbukiza ndani yake chungu cha plastiki. Nimeshanyanyua vya watu nikakuta vidole vitatu vya maji yananuka.

Pwani kuna shida nyingine ya maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi hubaki udongoni maji yanapokauka. Kitaluni mvua huisukuma chini; sebuleni hakuna mvua. Dalili ni ncha na kingo za majani kukauka rangi ya kahawia, na ukoko mweupe juu ya udongo. Kinga maji ya mvua masika ukipata nafasi, au mara moja kwa mwezi mimina maji mengi yasiyo na chumvi kwa taratibu yapite yote na kutoka chini.

Jua letu si jua la vitabuni

Vitabu na video nyingi za mimea ya ndani vimetengenezwa London, Amsterdam au Chicago. Huko husema: dirisha la kusini ndilo lenye jua kali, la kaskazini ni la kivuli. Kwao ni kweli mwaka mzima. Kwetu inapotosha. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Nairobi ni karibu nusu kwa nusu. Kilele cha jua la kusini ni Desemba, na lile la kaskazini ni Juni.

Maana yake ni kwamba mmea huweza "kuhama" pasipo mtu kuugusa. Kuna mama alinilalamikia kwamba mmea wake, uliokaa dirisha la kusini kwa amani tangu Aprili, ulianza kupata mabaka meupe mwishoni mwa Oktoba. Alidhani kuna dawa imemwagwa. Jua ndilo lililozunguka likaukuta mmea. Majani yaliyochipua kivulini yakapigwa na mwale wa moja kwa moja, na hayakuwa na unene wa kuustahimili. Kuhamia kwenye mwanga zaidi ni uhamisho uleule, na huunguza kwa siku moja tu, ilhali giza huua kwa wiki.

Dirisha la mashariki ndilo ninalolipenda kwa mmea ulio taabani. Jua la asubuhi huja hewa ingali baridi. La magharibi hulikuta jani limechoka na joto la mchana kutwa. Halafu kumbuka vioo vya rangi ya moshi na nyavu za mbu: vyote hula mwanga, na wavu wenye vumbi la mwaka mzima hula zaidi. Kufua nyavu na kufuta majani kwa kitambaa kibichi kumewahi kuupa mmea nafuu kuliko mbolea yoyote.

Kuusoma mmea kabla ya kuushika

Ukishajua hayo, majani yanasomeka. Ya chini na ya ndani yakigeuka njano polepole kisha kudondoka, mwanga hautoshi. Yakidondoka mabichi kwa mkupuo ndani ya siku chache, ni mshtuko wa safari, giza la ghafla au upepo wa kiyoyozi. Machipukizi ya juu yakilegea na kusawijika huku udongo una maji, shuku mizizi. Baka kavu upande mmoja tu, ule unaotazama dirisha, ni kuungua; baka halitapona, lakini jani lenye sehemu ya kijani bado linafanya kazi, usilikate kwa ajili ya sura.

Ukiwa na vijiti vitupu kama vyangu, kwaruza gome kwa ukucha. Chini yake kukiwa kijani na kubichi, tawi liko hai. Kwa fikasi utaona na utomvu mweupe. Kukiwa kahawia na kukavu, shuka chini ukwaruze tena mpaka ukutane na uhai. Kata hapo.

Kisha chagua mahali pa kudumu. Pawe penye mwanga zaidi uwezavyo pasipo jua la moja kwa moja, mita moja kutoka dirishani au pungufu, mbali na mdomo wa kiyoyozi. Ukishaweka, usihamishe. Tabia ya kuujaribu huku leo na kule kesho kutwa inaulazimisha kuanza kushona upya kila wiki, na akiba ina mwisho.

Usitie mbolea. Najua inauma kukaa bila kutenda, lakini mmea usiokua hauhitaji mbolea, na chumvi za mbolea huchoma mizizi iliyodhoofika. Samadi niliyotia mimi, tena haikuwa imeoza vizuri, ilizidisha msiba. Usibadilishe chungu pia, maana mizizi nayo itakatika. Isipokuwa harufu. Udongo ukinuka kama mtaro, ng'oa mara moja: kata mizizi yote myeusi inayokatika ukiivuta, bakiza ile migumu, na panda kwenye chungu kidogo kuliko cha kwanza, kwani udongo mwingi usio na mizizi hubaki umeloa. Mimi huchanganya udongo mwepesi na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kulowekwa kuondoa chumvi, pamoja na mchanga wa mtoni wa punje kubwa. Mchanga wa baharini usitie.

Kuhusu hewa: kunyunyiza maji kwenye majani husaidia dakika chache tu kisha yanakauka. Kuiweka mimea pamoja, ikapeana unyevu, kuna faida zaidi. Mmea mdogo uliochoka sana unaweza kuufunika mfuko mwangavu wenye matundu machache kwa wiki mbili au tatu, lakini kivulini, kwa sababu juani mfuko ule unakuwa tanuri.

Ua la Usambara

Kuna mmea mmoja unaonifundisha jambo hili kuliko fikasi. Mwishoni mwa karne ya 19, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani upande wa Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani kimea chenye maua ya zambarau kutoka Usambara. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akakipa jina Saintpaulia ionantha. Wajerumani mpaka leo hukiita urujuani wa Usambara, na kimeenea madirishani Ulaya na Marekani. Mwaka huohuo mkonge ulikuwa ukisafiri kinyume: kati ya miche kama 1,000 ambayo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza kutoka Florida, iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kilimo cha mkonge kilichofuata kilianza na hiyo.

Porini ua hili hukaa kwenye miamba ya msitu, kwenye udongo kiduchu, kivuli chenye mwanga uliochujwa, na hewa ya ubaridi. Hupenda nyuzi 18 hadi 24. Januari usiku Dar es Salaam hubaki kwenye 25 au zaidi. Kwa hiyo ua lililozaliwa kwenye milima ambayo basi linaifikia kwa siku moja huona raha zaidi sebuleni London kuliko Kinondoni. Neno "la kwetu" halitoshi. Mmea hauijui mipaka ya nchi, unajua joto, mwanga na maji.

Ukilileta mjini, liweke dirisha la mashariki kwenye chumba chenye hewa, mwagilia kutokea chini kwa kusimamisha chungu kwenye sahani ya maji kwa nusu saa, na maji yasiwe ya friji: tone la maji baridi kwenye jani lenye joto huacha alama ya kudumu. Na siku hiyohiyo ya kwanza, lingali na nguvu, kata jani moja zima lenye kikonyo cha sentimita tatu au nne, lichomeke kwenye makumbi mabichi ndani ya kopo, lifunike mfuko. Baada ya mwezi hivi litakuwa na mizizi. Baada ya miezi miwili au mitatu vijimea vitajitokeza kwenye mguu wa jani. Vijimea hivyo hukua vikiwa imara kuliko mama yao aliyesafiri. Havina cha kuvua. Kila jani lao limeshonwa hapohapo dirishani.

Fikasi yangu niliisogeza mita moja kutoka dirisha la mashariki, nikaipa maji baada ya kidole kusema ndiyo, nikakaa wiki saba nikitazama vijiti. Wiki ya nane vincha vilichomoza, vimekunjwa kama ukili. Majani yaliyofunguka yalikuwa mapana kidogo kuliko ya kwanza na membamba, unaweza kuona mishipa yake ukiyainua kwenye mwanga. Mwaka uliofuata, masika yalipoanza, nilitaka kuutoa nje uoge mvua. Niliuweka chini ya mwembe, wala si uwanjani, na hata pale kwa saa mbili tu siku ya kwanza.